Mbuzi Aliyekula Mabawa ya Juu

Mama Esta,

Mbuzi mweupe amekula mabawa ya juu ya ndege yangu ya mabua. Ya chini kayaacha. Sasa ina safu moja tu ya mabawa, sawasawa na anavyodai kaka yako Alute, ambaye ndege hajaiona hata siku moja. Mimi nilifyeka uwanja ndege ya kweli ilipotua Singida, nikaipima mwenyewe kwa hatua. Kila hatua nimeifanya kidole kimoja.

Alute anakuja mchana kuiangalia. Tulikubaliana atakayeshindwa atakandika upya paa la mwenzake kabla ya mvua. Kwa hiyo ifunike kwa ungo, umpe togwa. Akiuliza, mwambie gundi haijakauka. Nimekwenda bondeni kutafuta mabua mengine.

Asubuhi nilikufokea kwamba wewe ndiye uliyeiweka juu ya tembe. ~~Lakini na wewe ungeangalia.~~ Niliiweka mimi, ikauke juani. Nilisahau kwamba mbuzi hupanda paa letu kuliko kuku, na kwamba kitambaa cha mabawa, lile shuka langu, nilikigandisha kwa uji wa mtama. Tena niliutia chumvi usichache. Usicheke.

Mama yako alikuwa uani, akasikia matusi yote. Najua mkwe hasikilizishwi maneno kama yale bure. Mkabidhi mbuzi huyohuyo, mwambie namwomba radhi.

Basi imenigharimu hivi: mabawa mawili, jioni arobaini, shuka langu la Krismasi, na mbuzi mwenye mimba.

Baba Esta