Tembo wa Mzee Sivam

Alhamisi, Februari 2013. Rexdale.

Baridi ya leo inakata masikio, na theluji imegeuka tope jeusi kando ya barabara ya Kipling. Lakini sikuja humu kulalamikia baridi. Nimekuja kuungama.

Jumatatu nilimwekea Mzee Sivam miguu juu ya vitabu.

Kwa asiyemjua: ni mzee wa Kitamili, mwalimu mstaafu, anaishi ghorofa ya kumi na moja na binti yake. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na kwake naenda Jumatatu na Alhamisi. Namwogesha, namlisha, kisha ananisomea. Ana riwaya moja ya Kitamili, juzuu tatu nene, ya mfalme wao wa kale aliyepeleka jeshi kaskazini, miezi na miezi, akateke maji ya mto mtakatifu ayalete nyumbani. Maji tu! Mzee anasoma kidogo kwa Kitamili, ananifafanulia kwa Kiingereza, na mimi mwanamke mzima nimeshaunguza uji kwa sababu ya vita vya watu wasionihusu.

Tulikuwa tumefika pabaya. Jeshi limekwama kwenye mto uliofurika, na mfalme ameamuru tembo waingizwe majini wasimame ubavu kwa ubavu, askari wapite juu ya migongo yao. Mchunga tembo mmoja anajua tembo wake ni mgonjwa. Atasimama kweli? Nilikuwa nalala na swali hilo, naamka nalo.

Sasa Jumatatu miguu ya mzee ilikuwa imevimba, nesi kasema iinuliwe, na mito yote ya kulalia iko kwenye mashine ya kufulia. Nikaziona zile juzuu. Nikazipanga, nikatandika taulo, nikamnyanyulia miguu hapo juu, nikaenda zangu jikoni najiona fundi.

Niliporudi alikuwa ameshazipapasa. Ameshusha miguu, anagusa jalada, anagusa macho yake, jalada, macho. Kwao kitabu kikiguswa na mguu lazima ukiombe radhi hivyo. Hakunifokea. Alisema tu, "Nenda nyumbani, binti."

Nilimpigia simu mama yangu, Tanga. Akaniuliza, "Wewe Zuhura, msahafu ungeuweka chini ya nyayo za mtu?"

 Mimi niliyefundishwa chuo cha Kurani kubeba juzuu kifuani!  Niliogopa ataomba aletewe mtu mwingine, na kusema kweli niliogopa pia nisijue ya yule tembo. Aibu, lakini ndiyo hivyo.

Leo nilipofika sikujitetea. Nilipiga magoti, nikagusa vitabu, nikagusa macho yangu, kimoja kimoja mpaka vyote vitatu.  Mzee akaniambia kwamba walipokimbia vita kwao waliruhusiwa mfuko mmoja kila mtu. Wake aliujaza vitabu hivi, nguo zote akaziacha.

"Mke wangu alininunia mwaka mzima," akasema, akacheka. Mimi nikalia.

Akafungua, akaanza kusoma. Leo hakusimama kufafanua. Jamani, sauti ile! Nusu saa nzima inapanda, inashuka, inanguruma, na mimi nisiyejua Kitamili hata cha kuombea maji nikauona mto, nikaiona ile migongo inatetemeka na askari wanapita. Alipomaliza akasema kwa Kiingereza, "Alisimama mpaka mtu wa mwisho akavuka."



Ndipo nikainama kumfunika blanketi, nikauona ukurasa. Una picha ya tembo. Miguu iko juu, mgongo uko chini.

Mzee ameshika kitabu kichwa chini.

Subhanallah. Haoni. Sijui tangu lini. Muda wote huu amekuwa akifunua kurasa kwa zamu, taratibu, na kumbe amekihifadhi chote, mto na jeshi na kila jina. Nimewahi kuwaona waliohifadhi Kurani, nikiwa mtoto, na walikuwa wakinitia hofu hii hii. Nilibaki nimeshika ncha ya blanketi kama mjinga.

Kesho nitamweleza binti yake habari ya macho, akapimwe, huo ni wajibu wangu. Ya kitabu sitayasema kwa mtu. Jumatatu, kabla sijamkabidhi mkononi, nitakigeuza mwenyewe kikae sawa.