Ganzi ya Mkono wa Kulia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, goti limetulia, na mama ameachana na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu. Mimi nipo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu wewe huuliza kazi vipi, mimi husema nzuri tu, kisha unampa mama, na mambo yanaishia hapo.

Baba, ile kazi ninayosema ni ya mambo ya mifugo ni ya kiwanda cha kuku. Kuku ni mfugo, sikatai, ila wanaonifikia mimi wameshachinjwa. Wanapita mbele yangu miguu juu, kwenye mnyororo usiosimama, nami nakata bawa la kushoto. La kulia analikata mwenzangu mmoja ambaye kwao alikuwa wakili. Ukumbi una baridi ya friji, sakafu haikauki, na kelele za mashine hazimpi mtu nafasi ya kuzungumza. Lugha ya huku niliyoipata mle ndani ni "haraka", "kisu" na "wewe".

Utauliza digrii ya udaktari wa wanyama imekwenda wapi. Ipo, imelala kwenye bahasha juu ya kabati. Chuoni huku tulisomeshwa kwa Kiingereza, tukatahiniwa kwa Kiingereza, hata utani wetu ukawa wa Kiingereza. Nilipomaliza ndipo nilipozinduka kwamba nje ya geti mji mzima unaongea kitu kingine. Kila nilikopeleka maombi walinijibu kwa adabu kwamba vyeti ni vizuri, lakini lugha je?

Ni mahali pamoja tu waliponiita. Ilikuwa kliniki ndogo ya wanyama, yenye daktari mwanamke wa makamo anayejua Kiingereza kidogo. Siku hiyo mzee mmoja alileta mbwa aliyekataa kula. Nilimshika tumbo kama ulivyonifundisha tulipokwenda kutibu ng'ombe wa majirani, vidole kwanza, macho baadaye, nikagusa uvimbe pembeni ya wengu. Daktari akapapasa asiuone, akaleta mashine ya picha, na kweli ulikuwepo. Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza zamani. Nikajua kazi nimepata.

Kisha yule mzee akaniuliza jambo. Akaliuliza tena, safari hii ameshika mkono wa koti langu. Baba, nilitabasamu. Sikuwa na kingine cha kumpa. Kumbe alikuwa ananiuliza kama mbwa wake atakufa.

Daktari alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia mikono ninayo, sasa nikautafute ulimi. "Siku utakapoweza kumwambia mtu kwamba mnyama wake hatapona, naye akakuelewa, rudi. Nafasi yako nitakuwekea."

Ndiyo nikaingia kiwandani nipate ada ya darasa la lugha. Kila nikitoka kazini naenda darasani nikiwa nanuka kuku, wenzangu wananiachia benchi zima peke yangu. Chumbani nilisimama mbele ya kioo nikarudiarudia, samahani, hatapona, samahani, hatapona, mpaka jamaa ninayeishi naye akanipa pole akidhani nimefiwa.

Katikati ya hayo vidole vikaanza ganzi. Kidole gumba na viwili vinavyokifuata, vya mkono wa kulia. Mimi ni daktari, japo wa ng'ombe, nilijua si jambo la kupuuza. Nikaenda kwa nesi wa kiwanda, ambaye bila ruhusa yake huwezi kwenda hospitali ukarudi ukakuta kazi yako. Neno la ganzi sikuwa nalo. Nilisema "mkono baridi". Akanipa glavu za sufu. Niliporudi kwake nilienda na simu initafsirie, nikaandika ganzi, nayo ikatoa ile ganzi ya sindano, ya kumzimia mtu maumivu. Nesi akadhani naomba nidungwe. Akanitikisia kidole, akanipa glavu nyingine. Wenzangu waliposimuliwa walicheka sana, na mimi nilicheka nao. Nikaendelea kukata.

Mtihani wa lugha niliufaulu, Baba. Hilo sijamwambia mtu nyumbani. Nilivaa shati lile alilonishonea mama, nikarudi kliniki, na daktari hakugeuza neno lake. Tulizungumza kwa lugha yao muda mrefu, akacheka nilipotaka acheke. Kisha akaingia mama mmoja na paka wake, daktari akanisogezea meza.

Niliweka vidole tumboni. Ilikuwa kama nimeshika kupitia blanketi. Sikupata mbavu, sikupata figo, hata manyoya sikuyapata. Nilibonyeza zaidi, paka akalia, mwenyewe akamvuta. Ndipo nikamwambia daktari, kwa lugha yao na bila kosa hata moja, "Sihisi kitu." Alinielewa mara moja.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari lake. Waliupima mkono kwa umeme wa sindano, kisha mganga akasema mshipa wa fahamu ulibanwa muda mrefu mno. Wamenipasua kiganja ili usiharibike zaidi, ila alichosema wazi ni kwamba fahamu za vidole hazitarudi. Akaniuliza kwa nini sikuja mapema. Nilimwambia nilikuja. Aliandika kitu kingine akaendelea.

Mwandiko huu uliokuwa unakukera tangu mwanzo ni wa mkono wa kushoto. Kiwandani wamenipeleka kuosha masanduku. Kliniki daktari alinipa kazi ya kupokea wageni, nami nikakataa. Nisingeweza kukaa mezani nikiwasikia wanyama upande wa pili wa ukuta. Na nyumbani sirudi, kwa sasa hata nauli ya kurudi na aibu sina.

Mama aliniibia siri kwamba umejenga chumba uani, umekipaka rangi, na umeandikisha kibao chenye jina langu na neno Daktari. Baba, nakuomba ukitoe. Chumba mpangishe yule fundi cherehani aliyekuwa anatafuta pa kuweka mashine yake. Na watu wenye mifugo mgonjwa wakija kuniulizia, mwambie mama asiwaambie nakaribia kurudi. Nenda nao mazizini wewe mwenyewe, hata kama goti linauma. Vidole vyako bado vinasikia.

Msalimie mama, na barua umsomee wewe, polepole. Wasalimie dada na wanawe, shangazi, na majirani wote wanaoniulizia, waambie sijambo. Nawaombea afya.

Ni mimi mwanao,
wa huku ugenini.