Mama, Wamesema Mtoto Asiingie Getini

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu uliniambia kwamba mtu mwoga asiposalimia, watu hudhani ana kiburi. Tangu tukuzike sijabadilika. Bado ni mwoga. Kesho saa tatu nimeitwa mbele ya bodi ya shule, na tangu mchana sijaweza kula.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiosha karoti kijitoni kule Mgeta, tukilisubiri lori la Dar? Mimi nimekaa juu ya jiwe na kitabu, wewe maji yamekufika magotini, unaniuliza maswali. Nilipoingia kidato cha tatu ulikausha mkono kwa khanga, ukaweka kidole katikati ya kitabu changu cha historia. "Hapa ndipo nilipoishia," ukasema. Nikakuuliza kwa nini. Ukacheka. "Kwa sababu yako, bwana mkubwa. Haya, tuendelee." Tukaendelea, karoti zikitusubiri, na bibi akitupigia kelele kutoka juu kwamba Dar hawali historia.

Bibi huyo ndiye aliyekupokea ulipofukuzwa shule ukiwa na mimba yangu. Ulinisimulia mara nyingi: ulipanda mlima ukilia, naye akakuuliza tu kama umekula. Majirani walipotaka kujua mtoto ni wa nani, akawajibu, "Wa mama yake. Ukoo anao." Kwetu Waluguru hilo halikuhitaji maelezo, ukoo hupita kwa mama, na shamba vilevile. Nilikua bila kujua kwamba lipo neno la kumtukana mtoto kama mimi.

Sasa nalisikia hata kwenye foleni ya maji. Nchi inageuka, mama, na inageuka taratibu, watu wakiwa wanatabasamu. Redioni, kwenye baadhi ya mahubiri, kwenye mikutano ya wanaotaka kura, wimbo ni mmoja: maadili. Walianza na sketi za wasichana. Wakaja kwa akina mama wanaofanya biashara mpaka jioni. Ruhusa ya binti aliyejifungua kurudi darasani ingalipo, lakini wapo wanaoahidi kuifuta, na watu wanawapigia makofi. Watu ninaowajua. Fundi aliyenishonea suruali hii niliyovaa alipiga makofi.

Hapa Kihonda, huku mjini, kwenye shule ninayofanya ukarani, yupo binti wa kidato cha tatu. Nitamwita Zuhura, ingawa silo jina lake. Alirudi mwaka huu baada ya kujifungua. Kila siku wakati wa mapumziko ya saa nne, bibi yake humleta mtoto, nami huwaachia ofisi yangu ili anyonyeshe, nikabaki nimesimama nje. Walimu hunitania: "Karani, leo tena bosi wako kakutimua?" Mkuu wa shule hupita akitazama pembeni, kwa wema.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mjumbe mmoja wa bodi, anayeutaka udiwani, akasimama. "Shule si kliniki! Babu zetu hawakulea uzinzi. Hizi si mila zetu!"

Mama mmoja muuza mboga akamjibu kutoka nyuma, "Mila za wapi hizo, baba? Umeuliza huko mlimani kwa Waluguru?"

Watu wakacheka, lakini makofi yakazidi kicheko. Ikapitishwa kwamba kuanzia Jumatatu mtoto asiingie getini. Mimi nilikuwa naandika muhtasari. Mila za mlimani ndizo zilizonilea, na sikufungua mdomo. Mkataba wangu wa kazi unakaribia kuisha, na bodi hiyo ndiyo inayoupitia.

Leo, Jumatatu, saa nne, nikasikia mtoto analia nje. Nikamfuata mlinzi. Akanitazama, kisha akatazama mawingu. "Mimi nimeambiwa geti, karani. Uzio wa minyaa sijaambiwa."

Nikazunguka nyuma. Bibi yake Zuhura akaja upande wa pili, akanipitishia mtoto penye upenyo, mzito kuliko nilivyodhani. Nikavuka uwanja nimembeba, kila dirisha lina vichwa. Mlangoni pa ofisi yangu alikuwa amesimama yule mjumbe.

"Karani, huyo mtoto wa nani?"

Nilitaka kumpa jibu la kiofisi, mama. Likatoka lile la bibi yetu wa mlimani. "Wa mama yake, mzee. Kama mimi."

Akatupisha. Zuhura akampokea mwanawe, akaingia, nami nikafunga mlango nikauegemea. Mchana nikaambiwa kesho nifike mbele ya bodi.

Sina ushujaa wowote. Naogopa kukosa kazi. Naogopa kuitwa mtetezi wa uchafu na watu ninaoswali nao. Zaidi naogopa siku makofi yale yatakapokuwa sheria, na binti mwingine akapanda mlima analia, asimkute wa kumuuliza kama amekula.

Wakati wa kutoka, Zuhura alikuja dirishani. "Kaka karani, kesho nije?"

Bodi inaketi saa tatu, mapumziko ni saa nne. Sijui kama nitakuwa nimetoka, wala kama ufunguo wa ofisi utakuwa bado wangu. Nikamwambia, "Njoo, tuendelee." Lilinitoka hivyohivyo, kwa sauti yako.

Pumzika, mama. Nisalimie bibi huko mliko.

Mwanao,
uliyemzaa ukiwa kidato cha tatu