Tata, Ghati Ameanza na Gogo

Tata wangu mpendwa,

Shuleni nikikutaja mbele ya watu huwa nasema "baba", kwa sababu wanafunzi wetu wengi siku hizi wazazi wao wametoka Geita, Shinyanga na kwingineko kuifuata dhahabu, na Kikurya hawakijui. Lakini barua hii ni yangu na wewe, kwa hiyo humu ndani wewe ni Tata. Shikamoo. Mama mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Majani ya pale ulipolala nimeyafyeka mwenyewe Jumapili, maana ukimwachia mtu mwingine anapita juujuu.

Nakuandikia kuhusu Ghati, binti wa kaka Chacha, anayekaa hapa kwa Mama. Amechaguliwa kidato cha kwanza! Ungekuwepo ungechinja. Ulituacha ukiwa bado unampakata, na sasa ana miguu mirefu kunishinda mimi shangazi yake. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mpaka juzi asubuhi sikujua kama ataingia darasani au ataishia jikoni kwa Mama, akisubiri wageni waje kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Nimelia, Tata, sitakuficha. Nililia kwa sababu nilimwona Chacha mwingine.

Unakumbuka Chacha alivyoanza. Ulimnyoa kichwa wewe mwenyewe, ukamnunulia viatu vya kumzidi ili vimfikishe kidato cha nne, ukamsindikiza mpaka getini. "Nenda, mura. Wewe ni mwanaume," ukamwambia, ukageuka kuwahi ng'ombe wako. Kumbe huko ndani mwalimu aliingia akaongea Kiingereza tangu asubuhi, na Kiingereza Chacha alikuwa anakisikia redioni tu. Akabanwa na mkojo. Kuomba ruhusa kwa lugha ile hakujua, kutoka bila ruhusa aliogopa, basi akavumilia mpaka uvumilivu ukamwishia palepale kwenye dawati. Darasa zima likamcheka. Alirudi nyumbani mbio, viatu mkononi.

Ukamchapa, wapi. Ukambembeleza, wapi. Ukamwahidi hadi ndama. Hakurudi, na haukupita muda mrefu tukasikia yuko Nyakunguru kwenye maduara ya dhahabu, anavuta mifuko ya mawe kwa kamba. Mama alikuwa anamwekea chakula kila jioni hivyo hivyo, na asubuhi anawapa mbwa.

Halafu ikafika zamu yangu. Tulikuwa shambani, mimi naongoza ng'ombe mbele, wewe nyuma. Siku hiyo ulikuwa unamfundisha kazi dume mchanga, yule mwekundu. Plau uliiacha nyumbani. Ulimfunga nira pamoja na Waziri, maksai wako mzee, wakatembea wawili bila kuvuta kitu, wakaenda na kurudi, mpaka yule mdogo akaacha kurusha mateke. Ndipo ukawafungia gogo, nalo jepesi. Plau ingekuja baada ya kuzoea gogo. Ghafla ukasema "ooo", ng'ombe wakasimama.

"Bhoke, unaona? Ng'ombe namfanyia hivi. Mwanangu nilimfunga plau siku ya kwanza."

Ukakaa chini kwenye udongo. Sikuwahi kukuona umekaa chini kabla kazi haijaisha. Nikaendelea kushika kamba.

Jioni ileile ulikwenda kwa jirani na kuku kwapani, ukarudi na Nyangi, binti yao aliyekuwa kidato cha tatu. "Huyu ndiye Waziri wako," ukaniambia mbele yake. Nyangi alinuna wee, kuitwa ng'ombe mbele ya watu! Lakini kuku wameshampokea kwao, angefanyaje. Likizo yote akawa anakuja, na wewe ukawa kama mtu aliyepatwa na wazimu. Ulitupeleka shuleni shule ikiwa imefungwa, ukamwomba mlinzi atufungulie, na cha kwanza ulichonionyesha kilikuwa choo. "Choo kwanza. Hesabu utazikuta." Nyumbani sikupewa maji ya kunywa mpaka niombe kwa Kiingereza. Naomba, wewe huelewi hata neno, unamtazama Nyangi, Nyangi anatikisa kichwa kukubali, ndipo unanguruma, "Yesi!" kama mtu yuko mkutanoni. Ulipozoea ukaanza kumwambia hata Waziri "yesi" akivuta vizuri. Mama akasema sasa mume wangu ameniharibikia.

Siku yangu ya kwanza sikungoja hata kubanwa. Nilinyoosha mkono, nikaomba kwenda nje kwa Kiingereza cha Nyangi, na mwalimu akaniruhusu huku anaandika ubaoni, wala hakugeuka. Nilifika kule chooni nikasimama nacheka peke yangu. Nilikupenda siku ile, Tata, na sijui kama nilikwambia.

Leo mimi ndiye mwalimu katika shule ileile, na kila Desemba, majina yakitoka tu, nawaita wageni wa kidato cha kwanza kabla shule haijafunguliwa. Desemba ni mwezi mbaya huku kwetu, unaujua mwenyewe. Mtoto akikaa bila shughuli ya shule, ngoma za tohara zinamchukua, maduara yanamchukua, wachumba wanakuja. Januari unaita jina darasani na hakuna wa kuitika. Kwa hiyo kila mgeni namfunga nira na mwanafunzi mkubwa. Watembee wote njia ya shule, ajue kengele ya chakula na kengele ya kwenda nyumbani, ajue kuomba ruhusa, na binti ajue ni mwalimu gani wa kumfuata zikimkuta siku zake darasani. Vitabu tunavifungua baadaye. Walimu wenzangu wananiita Madamu Gogo, na mimi naitika.

Sasa Ghati alikuja siku ya kwanza ya mazoezi haya, akaambiwa asimame ajitambulishe. Akasema, "Shikamoo mwarimu, mimi ninaitwa Ghati," kwa lafudhi yetu hii hii ya nyumbani, na wale watoto wa mgodini wakaangua kicheko. Niliwanyamazisha, lakini alikuwa ameshakaa na uso umezima. Mapumziko kwisha, Ghati hayupo. Nilimkuta kwa Mama anachambua dagaa.

"Shangazi, mimi siendi tena. Ile shule si yangu."

Nilimsihi, nikamtania, nikamsimulia kuhusu wewe na yesi zako. Akaendelea kuchambua dagaa. Kesho yake hakuja, keshokutwa yake hakuja, nikampigia Chacha simu kule Nyakunguru. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Walimcheka?" Nikasema walimcheka. Akakata simu, na mimi nikajua basi, yameisha.

Juzi asubuhi niko barazani pale shuleni na wageni wangu wote, naona watu wawili wanakuja na njia ile ya mtoni. Mmoja ni Ghati na sare yake. Mwingine ni Chacha, Tata! Chacha huyuhuyu ambaye akija nyumbani huzunguka kote kule bondeni ili asipite mbele ya shule hii. Alikuja na buti zake za kazini, tope la Nyakunguru bado limeganda. Getini akasimama pale pale ulipomwacha wewe. Nikadhani anageuza. Akapangusa buti kwenye majani, akaingia na mwanawe, wanatembea bega kwa bega mpaka mbele ya watoto wote.

Kisha kaka yangu, na mvi zake, akanyoosha mkono juu.

"Mwarimu," akasema, kwa lafudhi ileile, hakuificha. "Mei ai go auti?"

Sijui alifundishwa na nani, wala lini. Watoto walicheka, wote, hata wale wa mgodini, na safari hii Ghati alicheka kuliko wote mpaka akajishika tumbo. Chacha hakucheka. Alibaki mkono uko juu, ananitazama mimi, anasubiri. Kiingereza changu chote cha chuoni kikanipotea, Tata. Nikapata neno moja tu, nikalitoa kwa sauti yako.

"Yesi!"

Akaenda chooni, hakukimbia. Aliporudi tulikuwa tumeshaingia darasani, Ghati amekaa dawatini na mwenzake mkubwa, na Chacha akajibana kwenye dawati la nyuma yao, magoti yamefika kidevuni, akakaa pale mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Lala salama, Tata. Jumatatu wanafungwa plau.

Binti yako uliyemwanzisha na gogo,
Bhoke