Mbuzi wa Saa Sita

Neema, mjukuu wangu,

Huku Durban tuko wazima. Mama yako bado anasuka nywele Pinetown, na babu yako bado anagombana na robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, kila zinapowaka nyekundu.

Unauliza ilikuwaje Ulaya ya zamani kanisa liliamua kila kitu, hata wafalme wakatii. Wafalme siwajui. Naijua kengele ya misheni ya kijijini kwetu, Kongo, nilipokuwa msichana. Ikilia saa sita tunasali, ndipo tunakula. Hakuna aliyeangalia jua.

Basi asubuhi moja mlinzi wa kanisa alimfunga mbuzi wake kwenye kamba ya kengele, akaenda kunywa chai. Mbuzi akaona majani mbali kidogo, akavuta. Ilikuwa saa tatu. Kijiji kizima tukaweka majembe chini, tukapiga magoti.

“Lakini jua bado liko kule,” mama alinong'ona.

“Limechelewa,” baba akajibu. “Sali.”

Padri akatoka mbio. Akamtazama mbuzi, akatutazama sisi na vichwa vyetu vilivyoinama. Halafu akaangalia saa yake ya mkononi, na polepole akaisogeza mbele mpaka saa sita.

Wewe huko kula ukisikia njaa.

Bibi yako