Hewa Iliyokataa Kutoka

Baba yangu,

Shikamoo. Na mama umpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, asije akasema nimemsahau. Goti linaendeleaje? Salfa ya mikorosho mmeshaanza kupulizia, au bado mnagombania pampu na baba mdogo? Mimi hapa Dodoma mwili mzima, ila moyo haujatulia.

Baba, ndege yetu imegoma. Ni ile ndogo ya kunyunyizia dawa ya kuua kweleakwelea, vile videge vinavyokula nafaka. Injini yake haina pistoni. Ndani inazunguka rota yenye pembe tatu, na inapozwa kwa maji kama ya gari. Tulibadilisha bomba moja la maji, tukajaza upya, hewa ikabaki ndani. Basi! Imejibanza huko juu, maji hayapiti, na mshale wa joto unafika kwenye nyekundu kabla hata hatujasogea. Rubani anazima. Tumelegeza skrubu ya kutolea hewa, povu likatoka, tukafunga huku tunashangilia. Kuwasha, mshale uleule. Tumeinua pua ya ndege kwa kupandisha gurudumu la mbele juu ya mifuko ya mchanga, tumeminya mabomba mpaka nimeungua vidole. Wapi! Mimi niliyejidai kwako kwamba hakuna injini itakayonishinda, hii imenishinda. Mtaalamu wake yuko ng'ambo, hapokei simu.

Kinachoniumiza zaidi ni Mama Yona, mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Kikuyu. Shamba lake la mpunga liko Bahi, na kweleakwelea wamelivamia. Wanawe wanashinda huko wakipiga madebe kuwafukuza, lakini ndege wakihama upande huu wanatua upande ule. Kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, kesho mtaruka?" Nami namjibu, "Kesho, mama, inshallah." Nimeisema kesho hiyo mpaka naona haya kupita mlangoni kwake.

Jana alirudi kutoka Bahi na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuniuliza kitu. Nikajua. Akasonga ugali, akatenga na sahani ya kweleakwelea wa kukaanga, waliotegwa na wanawe kwa nyavu palepale shambani. Huku ni kitoweo, wanatafunwa pamoja na mifupa yao. Kama tungekuwa tumenyunyiza dawa, wasingelika kwa sumu.

"Kula, mwanangu," akaniambia, wala hakuwa na hasira. "Mpunga wa mwaka huu ndio huo."

Baba, bora angenitukana! Nilikula huku nalia, naye akaniongezea.

Nisalimie shangazi muuza vitumbua, na mdogo wangu Salumu mwambie aache uvivu, akusaidie mikorosho. Mama mwambie nakula vizuri, hayo mengine usimsomee.

Asubuhi nitailegeza tena ile skrubu. Sijui sasa ni kwa ajili ya mpunga wa nani.

Mwanao niliyeishiwa ufundi,
Zainabu