Baraza Lililofungwa kwa Heshima

Maman Noella,

Nakuandikia nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya cherehani, juu ya gauni la bibi arusi lililotakiwa kuwa tayari jana, na mwenye gauni yuko mlangoni ananitazama kwa jicho la pembe. Anitazame tu. Tangu uondoke siwezi kukaa. Nikikaa miguu inacheza yenyewe, nikisimama natafuta cha kushika, nikikishika nakitupa. Mwanangu Idi ananiambia nitatoboa sakafu. Mtoto huyo ulimzoesha vibaya, ulikuwa unamchekea kila neno.

Nina hasira na wewe, nianze na hilo ili tumalizane. Mtu hafi hivi. Mwanzo wa juma ulipita hapa na beseni lako la sambaza, visamaki vyenu vya Kivu, kichwani, ukanitania kwamba shingo ninazoshona ni za kumnyonga mtu, na kabla juma halijaisha tunakupeleka makaburini. Malaria, walisema. Malaria hiyohiyo uliyokuwa unaiita mpangaji wako! Uliugua mara ngapi ukaamka ukaenda sokoni? Safari hii hukuamka, ukaniachia watu. Ungeniachia vitenge ningeviuza. Watu nitawafanya nini mimi? Subira sina, wajua. Ulimi wangu mama yangu mwenyewe alikuwa akiuita wembe.

Kumbuka ilivyoanza. Ulivuka daraja kutoka Bukavu vita ya kwanza ilipopiga, ukaomba kuweka beseni lako kwenye kibaraza cha duka langu hapa Kamembe, upande wa Rwanda, kwa muda tu, ukasema. Muda gani ule! Kila Alhamisi soko likipungua ulileta sufuria, ukapika maharage na bugali, na wakaanza kuja wale ambao vichwa vyao havikutulia tena baada ya mauaji na baada ya kambi za Zaire. Wengine watu waliwaita wendawazimu, wengine wakasema wamehahamuka, yaani hofu imewakata pumzi na haijawarudishia. Nilidhani utawaombea, au utawahubiria kama katekista. Wewe ulimpa mtu sahani, ukasubiri amalize, ukamuuliza swali moja kwa Kiswahili chenu cha Bukavu: "Unakulaka na nani?"

Nilicheka siku ya kwanza. Mtu analia usiku kucha, wewe unamuuliza habari za bugali. Lakini ukishajibiwa, ulikuwa umeshajua pa kwenda. Yule mama wa Rwimbogo aliyesemwa ana mapepo kwa sababu alipiga kelele usiku, ulimfuata mpaka kwake ukarudi huku unatikisa kichwa. Mlango wake uliibwa vitani, na tangu hapo alikuwa analala nyuma ya gunia. Ukamsumbua seremala wa pale msikitini mpaka akampigia mlango na komeo, bure, ili tu umwache apumzike. Mapepo yakahama. Hata muganga wa kituo cha afya akaanza kukutumia watu, maana vidonge vyake havikufaa kumezwa kwa tumbo tupu, na wengi wa wagonjwa wake hawakuwa wanapika tena. Nani ana moyo wa kumpikia mtu mmoja?

Ngoja kidogo. Bibi arusi anataka kujua kama mkono utakuwa mrefu au mfupi. Nimemwambia mfupi, kitambaa kimeisha.

Sasa nikueleze tulichokifanya ulipokufa, nawe usinikatize.

Tuliporudi makaburini tuliketi hapa kibarazani na hakuna aliyewasha moto. Mimi nikawaza, hawa ni Wakristo, na watu wa Bukavu wana misa yao ya siku arobaini, tena wana kuondoa matanga. Nikipika Alhamisi watasema Muislamu huyu hana adabu, mwenzake hajapoa anachekecha unga. Nikasema kwa upole, upole ambao wajua si wangu, tufunge baraza mpaka arobaini ipite. Maman Josiane, yule muuza nyanya mwenye sauti, akaitikia kwa kichwa. Wote wakaitikia. Niliwaona wema kweli. Tukafunga, tukaagana kwa heshima.

Kila Alhamisi sikufungua hata duka. Nilibaki nyumbani nazunguka meza.

Na Verena alikuwa anakuja. Verena wako wa Nyakabuye, ambaye mumewe alipotelea katika misitu ya Zaire wakati wakimbizi wanarudi, na ambaye hakuna jirani aliyekwenda kwake hata kuomba kaa la moto. Kwenye mazishi yako alisimama nyuma ya watu wote. Alhamisi iliyofuata akashuka na mihogo yake, akauza, akaja hapa, akakuta pamefungwa. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyenihadithia baadaye. Anasema alibisha taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, akaketi kwenye ngazi mpaka watu wakaanza kurudi makwao. Juma lililofuata akaja tena. Baadaye hakuja.

Arobaini haijafika, muuza mihogo mmoja akaniambia huku anahesabu vifungo anavyotaka kununua: "Ule muntu yenu wa Nyakabuye amefunga mizigo. Anasema anavuka Bugarama, anaenda Congo kutafuta bwana yake." Aliisema kama habari ya mvua. Ng'ambo kule unakujua, kijiji kinalala na kundi hili la wenye bunduki kinaamka na kundi jingine, na mwanamke peke yake na kifurushi hafiki mbali. Niliacha vifungo vimemwagika, nikaenda sokoni bila viatu.

Nilimkuta Josiane nikammwagia hasira yote. Nikamwambia ni nyinyi na arobaini yenu, heshima gani hii inayomuua mtu aliye hai kwa ajili ya aliyekufa! Akaacha nyanya zake, akaweka mikono kiunoni: "Arobaini yetu? Njo nyie Baislamu mulitaka arobaini! Sisi matanga yetu iliisha na juma moya. Tulinyamaza juu ya kukuheshimia."

Maman Noella, nilitaka nicheke na nilitaka nipige mtu. Kwetu sisi tungesoma dua siku ya tatu na kesho yake tungepika. Kila mtu alitaka kupika! Mimi niliwastahi wao, wao wakanistahi mimi, na katikati ya staha zetu Verena amekaa kwenye ngazi anabisha mlango. Tukatazamana na Josiane kama wajinga wawili, nyanya zimetuzunguka. Nilikusikia ukisema "Nyamuzinda wangu!" unavyomwitaga Mungu kwa Kimashi ukikasirika, na nilistahili.

Siku hiyohiyo tulipanda taksi ya Nyakabuye. Nilidhani tutakuwa wawili, lakini Mukecuru Konsolata, yule bibi kizee wa Alhamisi zetu, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na fimbo yake. Sikumwelewa. Wewe unajua kati yake na Verena kulikuwaje. Bibi huyu mwaka wa mauaji alibaki peke yake katika boma zima, wala hajawahi kuwataja watoto wake mbele yetu. Verena alitoka kambini, walikokimbilia wauaji na wasioua, na mume wake hakuna anayejua alikuwa nani au alifanya nini. Alhamisi zote hizo Konsolata alikula akiwa amempa mgongo. Mimi nilitaka uwalazimishe wasalimiane, ukanikataza: "Bakule sufuria moya, sahani mbili. Inatosha." Niliona unadekeza watu.

Nyumbakumi alituonyesha nyumba. Verena alikuwa mlangoni, kifurushi kwenye mapaja, kitenge safi, miguu imepakwa mafuta kama mtu anayekwenda harusini. Jiko lake lilikuwa la baridi, majivu yamegandamana. Na mimi badala ya kumsalimu nikaanza kumgombeza. Nilimwambia vita itammeza kabla hajauliza njia. Nilimwambia ana akili gani. Nilisema mengi, na kila nililosema lilimfanya akikumbatie kifurushi zaidi. Josiane alinifinya mkono.

Nikabaki na swali lako. Niliona aibu kulitumia, maana si langu, ni kama kuvaa nguo ya marehemu kabla ndugu hawajaigawa. Lakini sikuwa na kingine. Nikamuuliza unakula na nani.

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kambini, bila kuinua macho: "Nilikuwa nakulaka na Maman Noella. Siku zingine minakunywaka mayi." Halafu akasema tena: "Nilikuta mulango imefungwa. Nikasema, mwenye alinipenda amekufa, baliobaki banasema asanti Mungu ameacha kuya."

Nilimweleza habari ya arobaini, jinsi kila mmoja alivyomstahi mwenzake. Nilivyokuwa naieleza ndivyo ilivyozidi kuwa upuuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaamini, nadhani, lakini kifurushi hakukishusha. Sababu ya kubaki sikuwa nimempa. Wewe ungempa, na mimi nilikaa pale mikono mitupu nakulaumu kwa mara ya mia.

Ndipo Konsolata akasema. Muda wote alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anasugua magoti. Alisema akiwa ametazama pembeni, kwenye migomba: "Magoti yangu inakataa kisima. Kwangu iko chumba. Abebe ule muzigo yake akuye kwangu."

Mimi na mdomo wangu nikauliza chumba kipi. Nyumba yake naijua, ina vyumba viwili, na kimoja ni cha watoto wake. Hajakifungua tangu mwaka ule. Akanigeukia: "Unanihesabia vyumba?"

Verena naye akauliza sababu, polepole sana, "Juu ya nini?" Na bibi akagonga fimbo chini, kana kwamba tumemchosha wote: "Sisemi kama nakupenda. Nasema mayi."

Nililia, sikufichi. Josiane alilia kwa sauti mpaka majirani wakatoka, wale wale wasiokwenda kuomba moto. Verena hakulia. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akalifunga juu ya kifurushi, akakiweka kichwani. Ufunguo akampa nyumbakumi, shamba atalirudia kupalilia.

Usidhani mambo yametulia, maana hayajatulia. Chumba Konsolata alikifagia mwenyewe, akatukataza kuingia hata kusaidia kubeba uchafu. Alichotoa humo sijui alikipeleka wapi. Sasa analalamika kwa kila apitaye kwamba Verena anaunguza maharage, kwamba anatembea kama paka, kwamba anaweka mtungi mahali pabaya. Maji anachotewa. Sahani bado ni mbili. Kuna asubuhi bibi ananitumia ujumbe kwamba Verena amefunga tena mizigo, na mimi natoka hapa na uzi mdomoni nakimbia, nikifika namkuta amekwisha kuifungua au anaifungua. Dawa za muganga anameza, sasa anazimeza ameshiba. Na Josiane amefanya jambo ambalo ungelipenda: amewaambia wauza unga na wauza samaki wote wanaovuka kwenda Bukavu na Kamanyola waulize habari za yule mume. Jina lake linavuka mpaka kila siku kwa midomo ya watu, na mwenyewe Verena anabaki ng'ambo hii anasubiri jibu. Huenda jibu likawa baya. Huenda lisije kabisa. 

Binti yako Noella yuko salama kwa dada yako huko Bukavu, anasoma, amerefuka. Alikuja na kitenge chako kimoja akaniomba nimpunguzie kiuno. Nilishindwa kukikata. Nilimdanganya kwamba mkasi ni butu, nikamshonea kingine.

Na mimi? Alhamisi napika. Chumvi inazidi, wanasema. Nawakatiza watu wanapozungumza, nawamalizia sentensi, juzi nilimwambia mjane mmoja aache kujihurumia kisha nikamfuata barabarani kumwomba radhi. Sina moyo wako, Maman Noella, na nimechoka kujaribu kuwa na moyo wako. Nitawafuata kwa miguu yangu, hiyo ninayo. Mwenye paa linalovuja nitamtafutia mtu wa kulipanda, mwenye kuogopa njia ya kisimani nitatafuta wa kuongozana naye, na nitakuwa nagomba njia nzima, watanizoea.

Wala usije ukadhani nimekusamehe kwa kufa. Nitakusamehe nikipata nafasi. Lala salama, ndugu yangu niliyeletewa na vita, na udongo wa Cyangugu usikulemee.

Ahadi yangu ni hii, na nimewaambia wote, Wakristo kwa Waislamu, Josiane akiwa shahidi na Mukecuru Konsolata akiwa amesinzia. Siku nikifa mimi, wasinistahi. Wakinizika asubuhi, mchana sufuria iwe motoni hapa kibarazani, mlango uwe wazi, na asiye na mtu wa kula naye aje ale. Wakitaka kunililia walie huku wanapakua.

Leo ni Jumatano. Maharage nimeshayaloweka.

Maman Idi